Ruhusa ya Mkono wa Kulia

Wembe ulishuka taratibu shavuni mwa Mzee Kajigili, ukakata povu na ndevu kwa pamoja, ukaacha nyuma yake mstari wa ngozi safi. Ulipofika chini ya taya uligeuka, ukakutana na kovu la zamani, ukalizunguka bila kuligusa, kisha ukaendelea na safari yake. Aliyeushika hakuwa hata akiutazama. Ambokile, kinyozi wa Mwanjelwa, alikuwa amegeukia dirishani akibishana na mteja wake juu ya treni mpya ya reli-elea, ile inayoteleza hewani kutoka Uyole hadi Tunduma bila gurudumu kugusa chuma. Kazi yote ilifanywa na mkono wake wa kulia, na mkono huo haukuwa wa nyama.

Watu wa Mbeya waliuita mkono-fahamu. Ulikuwa wa madini mepesi ya rangi ya majivu, umeungwa chini ya kiwiko kwenye mishipa ya fahamu ya Ambokile mwenyewe. Yeye alitoa nia tu. Ustadi ulitoka kwingine. Kwa kuwa ulikuwa bado kwenye majaribio, sheria haikuruhusu mkono uhifadhi chochote ndani yake. Kila tendo ulilolifanya uliliomba kwa njia ya hewa kutoka seva moja tu, iliyokuwa ndani ya Karakana ya Viungo ng'ambo ya barabara, kama mtu anavyofungua ukurasa wa tovuti na kuusoma mstari baada ya mstari. Tovuti yenyewe ilikuwa bado inajengwa. Nje ya karakana hakuna aliyeweza kuiona, isipokuwa mikono michache ya majaribio, na huu wa Ambokile ulikuwa wa kwanza.

"Bwana Ambo, mkono huu una adabu kuliko ule uliozaliwa nao," alisema Mzee Kajigili, na wateja waliokuwa wakingoja wakacheka.

Tusekile hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye benchi na hotpoti ya chakula mapajani, amekuja kumletea mumewe mlo wa mchana kabla ya kurudi kazini. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza seva pale karakana. Wengine waliutazama wembe. Yeye alikitazama kidole cha mwisho cha ule mkono. Kilikuwa kimeinuliwa juu kidogo, kimejitenga na wenzake, kama cha mtu anayekunywa chai mbele ya wageni.

Ambokile hakuwahi kushika kitu namna hiyo. Tangu amwoe alishika wembe, kijiko na kalamu kama mtu aliyeshika mpini wa jembe. Mtu mmoja tu ndiye Tusekile alimjua kuwa na kidole cha aina ile, naye alikuwa Leokadia Komba, mtaalamu wa mwendo pale karakana. Kwa miezi mingi Ambokile alikuwa akijifungia naye chumbani asubuhi, kwa kile walichokiita mazoezi. Mwanamume haigi mikogo ya mwanamke asiyemtazama. Hivyo ndivyo Tusekile alivyojiambia.

Ghafla mkono ukasimama.

Haukutetemeka wala kulegea. Uliganda pale pale ulipokuwa, makali ya wembe yakiwa yamelala juu ya koo la Mzee Kajigili. Kwenye kifundo chake kioo kidogo kiliwaka rangi nyekundu na kuandika: HURUHUSIWI.

"Kinyozi," alisema mzee bila kufungua meno, "usinifanyie mzaha."

"Usimeze mate, mzee wangu. Tulia hivyo hivyo." Ambokile, jasho limeshamtoka, aliingiza mkono wa kushoto, akavikunjua vidole vya chuma kimoja kimoja, akautoa wembe. Mzee Kajigili aliruka kutoka kitini na nusu ya uso ikiwa bado na povu. Ambokile alimgeukia mkewe. "Mama Lusekelo, seva yenu ina nini?"

"Ngoja nikaangalie," alisema Tusekile. Hotpoti aliiacha kwenye benchi.

Alivuka barabara karibu akimbie. Karakanani wenzake walikuwa wametoka kula. Aliketi mbele ya kioo cha kompyuta yake, akaifungua ile tovuti kama ambavyo mkono ungeifungua. Ulitokea ukurasa mweupe wenye mstari mmoja: Kosa 403. Huna ruhusa ya kufungua ukurasa huu.

Kosa lenyewe halikuwa geni kwake. Ndani ya seva kila faili ina mwenyewe, ina kikundi cha wanaoshirikiana naye, kisha kuna watu wengine wote. Na kila mmoja wa hao amepangiwa kama anaweza kusoma, kuandika, au kupita mlangoni tu. Programu inayogawa kurasa kwa mikono ilikuwa na akaunti yake, waliyoipa jina la Mhudumu. Mhudumu akinyimwa njia kwenye folda moja tu, vyote vilivyo chini yake vinakuwa kama havipo. Mara nyingi ni uzembe: mtu amenakili faili akasahau kuirudisha kwenye kikundi.

Lakini huu haukuwa uzembe. Kumbukumbu za seva zilionyesha kwamba folda ya mkono wa kulia ilikuwa mali ya Leokadia, na kwamba muda mfupi uliopita Leokadia mwenyewe alikuwa amemwondoa Mhudumu kwenye kikundi na kuufunga mlango. Sasa ni yeye peke yake aliyeweza kuingia.

Kwa hiyo anataka afuatwe, aliwaza Tusekile. Anataka mume wangu avuke barabara na mkono uliokufa, aje ambembeleze ndipo amfungulie.

Yeye alikuwa na akaunti kuu, isiyozuiwa na mlango wowote. Angeweza kuifanya folda ile iwe wazi kwa kila mtu, kusoma, kuandika na kupita. Ilikuwa amri ya mstari mmoja. Ni dawa aliyowakataza wanagenzi wake kila siku, kwa sababu inaponya kosa kwa kung'oa milango yote ya nyumba. Leo alitamani kung'oa. Aliiandika ile amri mpaka mwisho. Kidole kilikuwa juu ya kitufe aliposikia sauti mlangoni.

"Usihangaike kutafuta, Tuse. Ni mimi niliyefunga."

Leokadia alikuwa amesimama na kikombe mkononi. Kidole cha mwisho kilikuwa juu.

"Umefunga wakati wembe uko kwenye koo la mtu," alisema Tusekile.

Kikombe kiliyumba, chai ikamwagika. "Mungu wangu! Ameumia?"

"Hajaumia. Mungu kamsaidia."

"Sikujua ana mteja. Saa hizi huwa mnakula."

"Kumbe unazijua saa zetu za kula." Tusekile aligeuza kiti akamkabili. "Dada Leo, nijibu kitu kimoja. Mume wangu unamtaka?"

Leokadia aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, akakiweka kikombe sakafuni. "Mumeo simtaki. Nautaka mkono wangu."

"Mkono gani?"

"Huo anaonyolea. Ule wake wa asili ulisagika kwenye mashine, na hakuna aliyewahi kuunasa mwendo wake. Ulikwenda na kila kitu ulichokijua. Wa kushoto nao ulikuwa kwenye plasta. Mngetaka tuufundishe huu mpya kwa kutumia nini? Nilivaa glavu-nasa, ile inayorekodi mwendo wa mkono, nikanyoa boga la plastiki, nikafunga vifungo, nikashika vikombe. Kila ufanyalo mkono ule nimelifanya mimi kwanza. Ndiyo hayo mazoezi. Mumeo alikuwa akikaa pembeni anasoma gazeti."

Tusekile aliona aibu, na chini ya aibu ile bado kulikuwa na moto. "Sasa kwa nini umefunga?"

"Wakubwa walitaka mkono uweze pia kubembeleza. Wakasema mtu ana mke, ana mtoto. Nikavaa glavu, lakini mbele yangu hapakuwa na mgongo wa mtu. Nikamfikiria Osmund." Osmund alikuwa mumewe. Alipanda kwenda kujenga kituo cha mwezini, na mkataba ulipokwisha aliomba kubaki huko. Karakana nzima ilijua, na hakuna aliyelitaja. "Nikafanya kama nilivyokuwa nikimfanyia. Kazi ni kazi, nikasahau. Halafu Jumamosi, kwenye harusi ya mkuu wa stoo, nimekaa nyuma yenu. Ulikuwa umechoka, ukamwegemea Ambokile, naye akakuwekea mkono mgongoni. Nikauona. Nikauona mkono wangu, Tuse, na wewe umesinzia juu yake kama mtoto. Sijawahi kumwonea mtu wivu namna ile. Leo nimeshindwa kula. Nikarudi, nikafunga."

Tusekile alihisi mgongo wake ukisisimka. "Nionyeshe," alisema.

"Nini?"

"Hivyo ulivyokuwa ukimfanyia. Nionyeshe."

Leokadia alinyanyuka, akasimama nyuma yake. Kiganja kilitua katikati ya mgongo, kikapanda polepole hadi chini ya bega, kikatulia hapo kitambo kama kinachosikiliza, halafu kikashuka kwa upande wa nyuma wa vidole, kwa wepesi wa kitambaa. Tusekile aliujua mguso ule kabla haujafika mwisho. Ndio uliomtuliza alipofiwa na mama yake. Ndio uliomlaza mwanawe Lusekelo siku za homa. Alikuwa amemshukuru mumewe kwa mguso ule. Alikuwa hata amewaambia dada zake kwamba ajali imemrudishia mwanamume mpole kuliko yule aliyemwoa.

"Toa," alisema.

Leokadia aliutoa mkono. Kioo bado kilikuwa na ile amri, nayo akaiona. "Una akaunti kuu. Ungeweza kufungua bila kuniuliza."

"Ningeweza," alisema Tusekile, akaifuta herufi baada ya herufi. "Mkono hauna ruhusa kwa sababu mwenyewe hajaitoa. Seva haijakosea chochote. Sasa nakuuliza: kunyoa, unatoa?"

"Natoa."

"Vifungo? Vikombe?"

"Vyote natoa. Mwanamume lazima afanye kazi."

"Na ile nyingine?"

Hakuna aliyeitaja kwa jina. Leokadia alitikisa kichwa, na Tusekile hakumbembeleza. Hata angesema natoa, Tusekile asingeipokea. Hakulifanya hilo kwa wema. Alitaka usiku wake na mgongo wake viondokewe na mwanamke yule, mara moja. Alimrudisha Mhudumu kwenye kikundi, akampa haki ya kupita mlangoni na kusoma, asiandike. Faili moja ikabaki ya mwenyewe peke yake. Kisha akaifungua tovuti upya, na ukurasa ukaja mzima, bila mstari wa kosa. Ng'ambo ya barabara Ambokile alipunga mkono wa chuma dirishani kuonyesha kwamba umepona.

Jioni ile Lusekelo alipanda mapajani kwa baba yake. Mkono ulimfungua vifungo vya sare vizuri, ukamshikia kikombe cha uji, lakini ulipowekwa mgongoni mwake ulilala hapo mzito kama pasi iliyopoa. Mtoto alijinasua akaenda kwa mama yake.

"Seva iko sawa kweli?" aliuliza Ambokile.

"Seva iko sawa, Baba Lusekelo." Ndipo akamweleza yote, pamoja na yale aliyokuwa akiyadhania yeye.

Ambokile alisikiliza, akitazama vile vidole vya rangi ya majivu kana kwamba ni mgeni aliyeingia bila hodi. "Nilijua namna ya kunyoa inatoka kwao," alisema mwishowe. "Lakini hili nilidhani ni langu. Mimi nilikuwa nataka kukubembeleza, mkono unakubembeleza. Sasa ningejuaje?" Kisha akauliza kwa upole, "Ulikuwa ukiupenda?"

Tusekile aliinuka kwenda kuangalia mboga jikoni.

Mkono wa kushoto ulikuwa umepona siku nyingi. Wiki iliyofuata Ambokile aliuvalisha glavu-nasa, akaupapasa mto wa kochi mbele ya wanagenzi waliokuwa wakijizuia kucheka, na mashine ikaugeuza mwendo ule, wa kushoto ukawa wa kulia. Tusekile aliiandikisha faili mpya kwa jina la Ambokile mwenyewe. Leokadia alisaidia kusafisha mwendo, akapeana mkono na Ambokile, kisha akaomba ahamishiwe kitengo cha miguu.

Jumapili baada ya chakula walikuwa barazani, mvua imekatika, Mlima Loleza umejitokeza mbele yao safi kama uliooshwa. Tusekile alijilaza kwenye mkeka. Ambokile akamwekea mkono mgongoni na kuanza. Ulikwenda haraka haraka, juu chini, juu chini, mzito, kama mtu anayepangusa vumbi kwenye kiti cha wateja, halafu ukampiga vikofi viwili vitatu vya kumaliza. Ndivyo alivyokuwa akifanya kabla ya ajali. Tusekile alikuwa amesahau. Alicheka, na machozi yakamtoka, kwa sababu hakuna mwingine duniani aliyebembeleza vibaya namna ile.

"Karibu nyumbani," alimwambia, na alimaanisha.

"Kwa hiyo niendelee?"

"Endelea."

Aliendelea. Tusekile alifumba macho, na mwili wake, bila kumwomba idhini, ukaanza kungoja kiganja kipande hadi chini ya bega, kitulie pale, kisikilize. Hakikutulia. Alingoja tena. Alikumbuka kwamba akaunti kuu bado ilikuwa mikononi mwake, na kwamba faili ile ilikuwa pale pale karakanani. Akakumbuka pia mtu mmoja asiyemjua hata kwa sura, aliyekuwa huko juu mwezini akikaza nati kwenye kuta za kituo, ambaye aliwahi kuguswa hivyo miaka na miaka bila kuomba, akauacha mguso ule akaenda zake. Tusekile alimwonea wivu Osmund, wivu mkali kuliko wote aliowahi kuuona, huku mumewe akimpangusa mgongo kwa bidii zake zote.