Mngoje Ajibu

Kaka yangu ana miaka thelathini na minne. Tangu azaliwe, akili yake huelewa mambo polepole. Nyumbani tunamwita Bosi, maana alikuwa akikaa tu sebuleni akihudumiwa. Mama alimvisha, alimkatia mkate, na mtu akimsalimia, Mama ndiye aliyeitikia.

Kisha Mama akaanza kuumwa moyo. Siku moja nilikuwa napiga pasi nguo za wateja, kwani mimi ni dobi. Akaniuliza, "Mimi nikiondoka, huyu mtoto ataishi vipi?" Niliogopa sana.

Jirani yetu muuguzi akatushauri. "Kuna kituo cha mchana cha watu wazima kama yeye. Wanajifunza kazi na kujitegemea, jioni wanarudi kwao. Si mahali pa kutupa mtu, jamani!"

Tukaenda. Mwalimu wa kituo alimpa Bosi mkono. "Karibu, kaka. Ungependa kazi gani hapa?"

"Shanga," Mama akadakia. "Anapenda rangi rangi."

Shanga! Siku nne Bosi alikaa mbele ya shanga, amenuna. Siku ya tano akazimwaga zote sakafuni. Tukaitwa. Mama akamshika mkono. "Nilijua tu. Hawezi. Twende zetu, mwanangu."

"Mama, kosa ni letu," mwalimu akasema. "Tulimuuliza yeye, ukajibu wewe, na sisi tukakubali. Anahitaji muda wa kupanga maneno yake. Sisi hapa tukiuliza, tunahesabu kimoyomoyo hadi ishirini. Tumuulize tena, ila sote tufunge midomo."

Akampangia Bosi picha tatu mezani: shanga, bustani, jiko. "Unataka ipi?"

Kimya. Mama akafungua mdomo, nikamfinya. Alinikodolea macho hayo! Lakini hata mimi roho ilikuwa juu.

Bosi akaweka kidole kwenye jiko. "Vyombo," akasema. "Kuosha. Mapovu."

Mama akaketi. "Miaka yote hii, sikujua." Akalia, na mimi nikalia.

Sasa Bosi huosha vyombo vya watu ishirini kila siku. Amepata rafiki wa kutaniana naye. Akivunja sahani, anafagia mwenyewe. Huvaa mwenyewe pia. Siku nyingine shati huwa ndani nje, tunamwambia, anageuza.

Mwezi uliopita Mama alilazwa hospitali. Asubuhi nikamwambia Bosi, "Leo usiende kituoni. Utakaa na mimi, sawa?"

Hakujibu. Nilikuwa nimeshaanza kumvua viatu, nikakumbuka. Nikaacha, nikahesabu. Nilifika kumi na saba.

"Nina kazi," akasema. "Wewe kaa na Mama."

Akatoka nje kungoja gari la kituo.

Nikampelekea Mama maneno hayo kitandani kwake, yote kama yalivyo. Akacheka hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka.

"Basi vuta kiti," akasema. "Si umeshaambiwa?"