Karata Zilizolazwa Mezani

Jumapili, tarehe 8 Agosti 1954, saa kumi na moja kasoro dakika tano alasiri, Anselm mpishi alipeleka chai chumbani kwa tajiri wake, huko Ipuli, Tabora, akamkuta amekufa. Bwana Sultanali, mfanyabiashara mstaafu, alilala chali, mto umemfunika uso.

Barazani, hatua kumi kutoka mlango huo, wastaafu wanne walikuwa wakicheza karata za briji, wawili dhidi ya wawili. Kila Jumapili walikutana watano, mmoja akipumzika kwa zamu, na siku hiyo zamu ilikuwa ya mwenye nyumba. Wote wanne walimwapia Sajini Lugembe kwamba tangu Sultanali aingie ndani saa kumi, hakuna aliyeondoka mezani. Akabaki Anselm. Pingu zilikuwa tayari mikononi mwake, na adhabu ya kuua ilikuwa kitanzi.

Lugembe hakuujua mchezo huo. Aliwahoji mmoja mmoja. Mwalimu Elieza alikiri kwa aibu kwamba katika mchezo wa mwisho alitumia turufu kuikata ree ya mwenzake Rasiklal, karata kubwa ambayo tayari ilikuwa inashinda. Rasiklal, karani mstaafu wa posta, alisema walicheka mpaka machozi yakawatoka, naye akamwambia, "Mwalimu, kumbe serikali ilikustaafisha pamoja na akili."

Raymundi, aliyekuwa mkalimani wa mahakama, ndiye aliyeshinda mnada wa kutaja turufu katika mchezo huo, kwa kopa.

"Mwenzangu Nikolaus alikuwa na karata kubwa kuliko zangu," alisema, "lakini aliniachia nichezeshe. Si kawaida yake."

Sajini aliuliza maana ya kuchezesha. Raymundi alieleza kwamba mshindi wa mnada hucheza karata zake na za mwenzake pia. Mwenzake huzilaza wazi mezani, kazi yake ikaisha.

"Sisi tunaita kustaafu," alisema. "Pensheni bila kazi."

Lugembe aliacha kuandika. "Alipokwisha kuzilaza, Nikolaus alikuwa wapi?"

"Karata zake zilikuwepo," alijibu Raymundi.

Saa kumi na mbili kamili sajini aliwakusanya barazani, maiti ikiwa bado nyuma ya mlango uliofungwa. Nikolaus, mkuu wa stesheni mstaafu, alisema bila kutetereka kwamba alisimama nyuma ya Raymundi, akatazama mpaka karata ya mwisho.

"Basi ulikuwepo walipocheka."

"Nilikuwepo."

"Walicheka nini, mzee?"

Nikolaus alimtazama Elieza, kisha Rasiklal. Hakuna aliyeinua uso.

"Ushindi wetu," alisema.

"Hapana," Elieza alinong'ona. "Walinicheka mimi."

Ndipo Nikolaus alipoeleza, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba, kwamba miaka kumi na miwili iliyopita, katika kituo kimoja kidogo, aliruhusu treni ipite akiwa amelewa, ikagongana na nyingine. Watu watatu walikufa, na mfanyakazi wake asiye na hatia akabebeshwa kosa, akafia gerezani. Sultanali alikuwepo siku hiyo akingojea mizigo yake, akaona yote, akanyamaza. Kesho yake, Jumatatu, alikusudia kwenda kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kueleza yote.

"Aliniambia amechoka kuibeba siri hiyo," alisema Nikolaus. "Nami sikuwa tayari kufia alikofia yule."

Lugembe alimfungua Anselm pingu, akamfunga nazo Nikolaus. Raymundi alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe.

"Kumbe nilimchezea karata zake," alisema, "huku yeye akiua."