Sentimita za Uongo

Asubuhi Chiriku alisugua sufuria huku akinung'unika. Walimwita hivyo kwa maneno yake mengi, na siku hizo maneno yote yalimhusu mdogo wake, Kidoti. Kidoti hasugui, hafagii, hatumwi dukani. Kakaa mapajani kwa mama, analishwa uji kwa kijiko, eti shavu limevimba. Jamani, mtoto wa miaka tisa!

Daktari wa meno alikuwa amempiga Kidoti picha ya taya. Aliona kivuli kwenye mzizi wa gego, akasema huenda ni usaha.

"Anywe dawa siku saba, na mumpime shavu kila siku. Lisipopungua, mrudisheni haraka. Itabidi aende hospitali kubwa."

Mama alikuwa fundi cherehani. Alimkabidhi Chiriku tepu yake ya kupimia. "Mimi ninayemtazama kutwa, macho yameshazoea. Pima kutoka sikio hadi kidevu, uandike. Sawa, mama?"

Hospitali kubwa! Yaani mama na Kidoti wasafiri, yeye abaki kwa shangazi? Wivu ulimjaa. Siku ya kwanza tepu ilionyesha sentimita kumi na moja, akaandika hivyo hivyo. Siku ya nne ilionyesha kumi na moja na nusu. Chiriku akaandika kumi. Siku ya saba akaandika tisa na nusu.

Mama alimsomea daktari namba hizo kwa simu. "Vizuri," daktari akasema. "Dawa inafanya kazi. Mleteni baada ya mwezi."

Kesho yake Kidoti alirudishiwa kazi zake. Chiriku alifurahi kweli kweli, mpaka alipomwona mdogo wake ameshika mdomo kando ya karai la vyombo.

"Dada, mdomo wa chini umekufa ganzi. Na hili jino linacheza."

"Mbona hujamwambia mama?"

"Si wewe umepima ukasema napona? Nikajua nadeka tu."

Chiriku aliacha vyombo, akakimbilia chumba cha kushonea. Alilia kabla hajafungua mdomo. "Mama, namba ni za uongo. Shavu linazidi kuvimba. Nilimwonea wivu."

Mama alisimamisha cherehani. Hakugomba. Alichukua mtandio na kumshika Kidoti mkono, wakaenda kwa daktari mchana huo huo.

Daktari akawatuma hospitali kubwa, na huko walikata kipande kidogo cha nyama, wakakichunguza. Haukuwa usaha. Ulikuwa uvimbe uliokua ndani ya mfupa wa taya. Haukuwa saratani, ila ulikuwa unakula mfupa taratibu, na kwenye picha ulifanana na ugonjwa wa mzizi wa jino. Walimpasua, wakautoa. Daktari alisema mfupa ulikuwa umebaki mwembamba kiasi kwamba ungeweza kuvunjika akitafuna.

Chiriku alikaa kwa shangazi wiki tatu, na kila siku aliuliza habari za Kidoti. Waliporudi, alishindwa kumtazama mama usoni.

"Njoo hapa," mama akasema. "Wivu hata mimi nilikuwa nao, kwa mama yako mkubwa. Ukikushika tena, njoo uniambie, nitaiacha kazi nikusikilize. Lakini ukimpa daktari uongo, atatibu huo uongo. Ugonjwa wenyewe utabaki na mdogo wako."