Sanduku la Besi la Bi Chiku

Alasiri ile mtaa mzima wa Kihonda ulikuwa unacheza harusi, na muziki haukuwapo. Watu mia mbili na ushei walizungusha viuno barabarani, jasho linawatiririka, na kilichosikika ni nyayo tu, shwa shwa, kama mchele unaopetwa. Muziki ulikuwa ndani ya punje. Punje ni kidude kidogo kama mbegu ya ufuta, kinachopandikizwa nyuma ya sikio. Hakitoi sauti hewani. Hupeleka habari ya sauti moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu. Kwa hiyo bibi harusi alicheza taarabu yake, bwana harusi rumba yake, na mama mkwe, kwa alivyokuwa akitingishika, Mungu peke yake ndiye aliyejua anacheza nini. Ugomvi wa kelele ulikuwa umekwisha Morogoro.

Kondo alifunga dirisha akarudi kwenye gundi yake.

Huyu Kondo alizeekea safarini. Alichomelea vyuma kwenye ngazi ya anga, ile kamba nene inayopandisha mizigo nje ya dunia, akaenda kuziba matangi mwezini, akarudi na mgongo mbovu na hamu ya ugali wa kwao. Alikuta kaka yake Mbaruku, mpiga gitaa la besi, ameshazikwa. Walikuwa wamebaki mjane wake, Bi Chiku, kanda moja ya muziki uliorekodiwa ukumbini, mashine ya kuichezea, na spika ya inchi kumi na tano iliyolala uvunguni imefunikwa kanga.

Naye Bi Chiku alikuwa anaondoka kidogo kidogo. Daktari alimwambia bila kuzunguka: mshipa wa sikio umechoshwa na punje, na masika yajayo hautaleta kitu. Wengi wa rika lake walikuwa wakizimika hivyo, mmoja mmoja, na mji wala haukushtuka.

"Maneno sina shida nayo," alimwambia Kondo. "Nimeyasikia ya kutosha, mengi ya uongo. Nataka besi ya kaka yako, mara moja tu, kabla masikio hayajaziba. Kwenye punje naambiwa tu kwamba besi ipo. Ni kama kuambiwa pilau limeiva, na sahani huletewi."

"Nitakujengea sanduku lake, shemeji."

"Wewe? Banda la kuku lilikushinda!"

"Kuku hakuwa na shukrani."

Kazi ikaanza. Akili ya nyumba, waliyoiita Mkadiria, ilizungumza kutoka darini kwa sauti ya mwalimu wa chekechea.

"Tafadhali eleza matumizi ya kabati hili."

"Kuweka hewa," alisema Kondo.

"Hewa ipo tayari chumbani."

"Ya chumbani imekaa bure. Hii nataka ifanye kazi."

Ikabidi aielezee, maana masanduku ya spika yalikuwa yamefutika hata kwenye kumbukumbu za mashine. Spika ikiachwa wazi mezani hukohoa tu. Msukumo wa mbele hukimbilia ule wa nyuma, ikafutana. Lazima uitie ndani ya sanduku. Likiwa dogo, besi hubanwa kama mtu aliyevaa shati la mdogo wake; likizidi ukubwa, hulegea. Kisha unalitoboa mdomo na kutia bomba, na hewa ya ndani huvuma kama mtungi unaopulizwa. Bomba likiwa refu, mvumo hushuka. Ukilikata, hupanda.

Mkadiria ilipiga hesabu, ikaja na sanduku la ukubwa wa kabati la nguo. Seremala-nuru, mkono wa chuma unaokata kwa mwanga, ulipasua plaiwudi nene. Yaliyobaki Kondo aliyafanya mwenyewe: aligongomea mihimili ndani ili mbao zisiimbe nyimbo zao, akatandika sufi aliyoitoa kwenye mito ya kitanda, akawa analikata bomba kidogo, anasikiliza, anakata tena. Kutafuta mahali panapovuja, aliwasha udi akaupitisha kwenye kila kiungo. Moshi ukirushwa pembeni, hapo panataka gundi.

Nyumba nzima ikanukia.

"Kama unataka kunirithi sema mapema," Bi Chiku alipaza sauti kutoka jikoni, "nijifukize na mimi!"

"Nikurithi nife kwa maneno? Kaka alikuwa na moyo wa chuma."

Siku ya kusikiliza, Kondo alitandika zulia zuri katikati ya chumba, akaweka kiti chenye mto juu yake, akamkalisha shemeji yake hapo. Akatia kanda, akarudi nyuma mpaka ukutani. Besi ilipoingia, meno yake yalitetemeka.

Bi Chiku alikaa ametulia, mikono mapajani.

"Si uanze basi," alisema.

"Imeanza, shemeji."

Aliongeza sauti. Vikombe vikacheza kabatini. Pale kitini uso wa Bi Chiku ulikuwa unashuka taratibu.

"Nasikia mwimbaji kwa mbali. Besi hakuna." Alijaribu kucheka. "Basi nimeshazimika. Umejitahidi, shemeji. Mungu akulipe."

Aliinuka kwenda chumbani kwake. Pale konani, karibu na mlango, palipokuwa na viatu, alishika ukuta ili avae ndala. Hakuzivaa. Aligeuka polepole, akaegemeza mgongo ukutani, mkono ukaenda kifuani.

"Yupo," alisema. "Kondo, yupo!"

Kondo alijipiga kofi kwenye paji la uso. Alipima sanduku, akapima bomba, akapima mpaka sufi, kiti hakukipima. Kwao mke wa kaka mkubwa hukalishwa katikati, penye zulia, wala hakalishwi konani pamoja na viatu. Na katikati ya chumba ndipo besi nzito hufa. Wimbi hupiga ukuta, hurudi, hukutana na lenzake. Moja lasukuma, jingine lavuta, na aliyekaa pale haachiwi kitu. Mzigo wote hulundikana kutani, na zaidi konani. Heshima ndiyo iliyomziba shemeji yake.

Bi Chiku aliketi chini kati ya viatu, akagusa nyuma ya sikio, akaizima punje. Sasa alisikiliza kwa mgongo.

"Hapo!" alipiga kelele ghafla. "Amejikwaa! Kapoteza hatua, kakimbia kuwahi ngoma. Umesikia?"

Kondo alikubali kwa kichwa.

"Ndipo nilipoingia mlangoni mwa ukumbi. Siku ya kwanza ananiona, na gauni la njano la kuazima. Mwenyewe alikuwa akinihadithia, 'ulinikosesha kazi wewe.' Kwenye punje haimo. Miaka yote nasikiliza, haimo. Nikasema ni uzee, nimejitungia."

Kondo alijua. Kila wimbo, kabla ya kupelekwa masikioni, husafishwa: kikohozi hutolewa, kilichochelewa huwahishwa. Aliyefanya hivyo hakuwa na ubaya, ni mashine tu, na ilisahihisha kosa la mpiga besi mmoja aliyemwona mkewe.

Alitaka kusema neno. Lakini bila punje Bi Chiku asingelisikia, na pengine halikuwa na kazi. Alirudisha kanda mwanzo, akasogeza ndala pembeni, akaketi upande wa pili wa kona, mgongo ukutani.

Bi Chiku alikuwa ameshafumba macho. Aliinua kidole kimoja, kama mtu anayemnyamazisha mwenzake kwa sababu mlango unakaribia kufunguliwa.