Mama Aïcha na Mkia wa Sauti

Ukipita Kabondo, mjini Kisangani, asubuhi, utasikia lupango la Papa Amuri, yaani uwanja wa nyumba yake, kabla ya kuliona. Humo wanatengeneza sufuria. Papa Amuri anayeyusha alminiamu: pistoni za pikipiki zilizokufa, vifuniko vilivyopinda, kila kitu ambacho watu wamekitupa. Anaimwaga ndani ya mchanga. Ikipoa, sufuria inatoka. Baba yake alifanya kazi hiyohiyo, hapo hapo.

Lakini neno la mwisho ni la mke wa Papa Amuri, Mama Aïcha. Yeye anakaa kwenye kiti kifupi. Anainua sufuria kwa kidole kimoja, anaipiga kwa mkono wa kijiko. Ti! Sufuria nzima inaimba. Mwishoni sauti inakuwa nyembamba kama uzi, halafu inapotea. Uzi huo Mama Aïcha anauita mkia. Sufuria yenye ufa, hata ufa ambao jicho halioni, haina mkia. Sauti yake inakatika ghafla.

"Yenye mkia iende sokoni," anasema. "Isiyo na mkia irudi motoni."

Miaka kumi na minane hakuna mtu aliyerudisha sufuria. Wachuuzi wanaotoka Isangi na Yanonge hawaanzi na bei. Wanauliza kwanza: "Mama Aïcha ameipiga?" Akisikia swali hilo, anatembea shingo juu siku nzima.

Mwaka huu Mama Aïcha aliugua. Madaktari walikuta kansa kwenye mlango wa kizazi. Wakampangia serumu sita, yaani dripu za dawa. Kila wiki tatu analala hospitalini, dawa inaingia kwenye mshipa wa mkono. Jina la dawa ni cisplatine. Inamchosha, inamtapisha. Lakini damu iliyokuwa inamtoka ilipungua. Mama Aïcha akaapa atazimaliza zote sita.

Baada ya serumu ya pili, masikio yake yakaanza kulia. Nziii, mchana na usiku. Hakumwambia daktari. Aliona ni habari njema.

Jumamosi moja Mama Victoire aliingia lupangoni. Huyo ni jirani yao. Watu wake wanatoka Butembo, na kazi yake ni uuguzi. Kichwani alibeba sufuria kubwa, mpya.

"Hodi, wenye sufuria!"

"Karibu, Mama Victoire," alisema Papa Amuri. "Unatuletea chakula?"

"Chakula gani? Ninaleta aibu yenu! Jana nilikuwa na wageni kumi na tano. Ninapika majani ya pondu, moto unazimika. Ninaongeza makala kwenye jiko, unazimika tena. Kumbe maji yote ya pondu iko inashuka chini, polepole, kama mwizi! Wageni wangu wamekula mikate na sardine."

Papa Amuri alicheka. Halafu alimimina maji ndani ya sufuria, akaiinua. Tone likaanguka. Likafuata la pili. Akaacha kucheka.

Mama Aïcha aliichukua, akaipiga. Ti! Akasikiliza. Akaipiga tena.

"Iko muzuri," alisema. "Inaimba."

"Inaimba namna gani, na maji iko inatoka?" aliuliza Mama Victoire.

"Aïcha," alisema mume wake kwa sauti ya chini. "Mkia wake unausikia?"

Mama Aïcha alitazama kijiko chake.

"Siusikii. Siku hizi siusikii kwenye sufuria hata moja. Masikio yangu yanalia sana, yananifunika. Dawa ikimaliza kazi, itapita."

"Na hizi sufuria zote za mwezi huu, umezipitisha namna gani?"

"Ninasikiliza mwanzo tu. Mwisho ninakisia."

Papa Amuri alikaa chini. Mama Victoire naye alivuta kiti.

"Masikio yanalia tangu lini?"

"Tangu serumu ya pili. Juzi nimepata ya tatu."

"Daktari anajua?"

Mama Aïcha alitabasamu. "Nimwambie nini? Wee mwenyewe unajua kinini. Ukiwa na malaria, unakunywa kinini, masikio yanalia, basi unajua dawa imeshika. Hii imeshika kabisa! Mimi ninafurahi."

"Nani amekudanganya hivyo?"

"Hakuna mutu. Kisangani nzima inajua."

"Basi Kisangani nzima inakosea," alisema Mama Victoire. "Hata kwa kinini, masikio kulia si alama ya kupona. Ni dawa inasumbua masikio. Mara nyingi, kinini ikiisha, kelele inaisha. Kwa cisplatine inaweza kubaki. Sikiliza, Mama Aïcha. Ndani kabisa ya sikio kuna vinywele vidogo sana. Kazi yao ni kupokea sauti. Dawa yako inaua kansa, lakini inaweza kuua vinywele hivyo pia. Inaanza na vile vya sauti nyembamba. Vikifa, havioti tena."

"Mkia," alisema Mama Aïcha polepole.

"Mkia ndio unatangulia. Baadaye sauti za watoto. Baadaye watu wanasema nawe, unaona midomo tu."

Papa Amuri alisimama. "Alors, aache dawa hiyo! Leo!"

"Papa Amuri, kaa kwanza. Akiiacha yeye mwenyewe, kansa haitamungoja."

"Ndiyo maana singesema hata kama ningejua," alisema Mama Aïcha. "Nikisema, watanikatia serumu. Nimefika katikati. Mimi ninataka kuishi. Sikio litajua lenyewe."

"Nani amekuambia uchague, sikio ao maisha?" aliuliza Mama Victoire. "Kupanga dawa ni kazi ya daktari. Anaweza kuibadilisha, anaweza kuipunguza, anaweza kuiacha vile ilivyo. Lakini kelele iko ndani ya kichwa chako wee. Yeye hawezi kuisikia. Kazi yako ni kumuambia."

Alipoinuka kwenda, aliona boksi ndogo juu ya dirisha. Akaisoma.

"Hii gentamicine ni ya nani?"

"Yangu," alisema Mama Aïcha. "Mkojo unaniuma. Mwenye farmasi amesema sindano tano."

"Usidunge hata moja. Hii nayo inakula masikio. Zikiwa mbili pamoja, hatari inazidi. Kabla ya dawa yoyote, hata kinini, uliza kwanza hospitali. Na siku ukipata homa, usijitibu nyumbani, maana serumu inapunguza kinga ya mwili. Kimbia hospitali siku ileile, hata kama iko siku ya harusi."

"Na sufuria yako?" aliuliza Papa Amuri.

"Sufuria yangu itangoja sikio lake."

Jumatatu Mama Aïcha na mume wake walikwenda hospitali. Hawakungoja siku ya serumu. Daktari alisikiliza yote. Alitibu mkojo kwa dawa nyingine, halafu akawatuma kwa daktari wa masikio.

Huyo alimvalisha Mama Aïcha kofia yenye spika mbili ndogo. "Ukisikia sauti, inua mkono," alisema.

Mama Aïcha alikaa wima. Yeye ni sikio la Kabondo. Nani atampima? Sauti nene zikaja, akainua mkono. Za katikati zikaja, akainua. Halafu kimya. Kimya kirefu.

"Munganga," alisema, "mashine yako imezimika?"

"Hapana, mama. Sauti iko inaendelea, na nimeipandisha sana."

Mama Aïcha alimtazama mume wake. Papa Amuri alikuwa amesimama karibu na spika, na alikuwa anaisikia. Alitazama ukuta.

Daktari wa kansa alisoma karatasi ya kipimo. Akasema, kwa ugonjwa wa Mama Aïcha, serumu tatu zilizobaki zinaweza kuwa za carboplatine. Hiyo nayo inapiga kansa, lakini haisumbui masikio sana kama ile ya kwanza.

"Si kila mgonjwa tunaweza kumubadilishia," alisema. "Na kwa watu wazima bado hatuna dawa ya hakika ya kukinga masikio. Kinga yetu ni kupima masikio kabla ya serumu ya kwanza, kuyapima tena njiani, na mgonjwa kusema mapema."

"Mimi hamukunipima kabla," alisema Mama Aïcha.

"Ni kweli," alijibu daktari. "Ingefaa. Anayekuja baada yako atapimwa."

Siku hiyo Papa Amuri alihamisha nyundo. Vifuniko vya sufuria mpya vikaanza kunyooshwa nyuma ya nyumba, mbali na kiti cha mke wake, maana makelele makubwa nayo yanaumiza sikio lililochoka. Mama Aïcha akahamia karibu na mlango wa lupango. Na kila siku ya serumu, kabla hata ya salamu, alianza na habari za masikio. Daktari akawa anacheka: "Bonjour kwanza, Mama Aïcha!"

Alimaliza serumu zote sita, kama alivyoapa. Kansa ilirudi nyuma. Kipimo cha mwisho cha masikio kilionyesha hivi: sauti zilizopotea hazikurudi, lakini hakuna nyingine iliyopotea. Ile nziii iliyokuwa inafunika mkia ilipungua. Mama Aïcha akarudi kwenye kijiko chake, akajipima mwenyewe. Sufuria ndogo, mkia wao mwembamba sana, hakuusikia tena. Sufuria kubwa, mkia wao aliusikia. Akazigawa mbele ya mume wake, bila kuficha.

Juzi Asumani alifika. Huyu ni mchuuzi wa Isangi, na boti yake ilikuwa inangoja mzigo. Alitaka sufuria arobaini. Akauliza swali lake la siku zote.

"Mama Aïcha amezipiga?"

Papa Amuri alifungua mdomo, lakini mke wake alimtangulia.

"Kubwa nimezipiga mimi. Ndogo tumezijaza maji tangu jana, utaona chini kama zimelowa. Dawa ya kansa imenichukulia sauti nyembamba, tonton Asumani. Mwezi mzima nilinyamaza. Ningeendelea kunyamaza, ingechukua zote. Sasa ndogo ninapima kwa maji, kubwa kwa sikio. Hakuna inayotoka hapa bila kupimwa."

Asumani alitikisa kichwa. Hakuwa na hakika. Alikwenda kwenye fungu la sufuria kubwa zilizotoka mchangani asubuhi ile, ambazo bado hazijapimwa. Akasubiri Mama Aïcha ageuke kumwaga maji. Akaokota kijiko, akaipiga moja. Ti!

"Hiyo, hapana," alisema Mama Aïcha, mgongo wake bado umegeuka. "Haina mkia."

Asumani aliitazama ndani, akaitazama nje. Hakuona kitu. Akamimina maji, akaiinua juu. Wote watatu wakatazama chini ya sufuria. Ilichukua muda. Halafu tone moja likajikusanya, likaanguka juu ya kiatu cha Asumani.

"Irudi motoni," alisema Mama Aïcha, akanyoosha mkono apewe nyingine.