Salamu Haikukatwa

"Mpunga umelowa."

Sauti ya Mzee Evarist, mkuu wake aliyekuwa Dodoma, iliingia kupitia kisikilizi kilichofichwa ndani ya kofia ya pikipiki. Elineema hakuuliza mara mbili. Maneno hayo yalikuwa na maana moja tu: mtoa taarifa wao amejulikana.

Aliongeza moto. Yamaha ikarusha matope, Ifakara ikabaki nyuma.

"Nani kalitaja jina, Mzee?"

"Hakuna. Mawakili wa Anold waliomba mahakamani rekodi ya simu ya mtoa taarifa, wakapewa. Jina tulilikata. Sauti tuliibadilisha, mama wa watu akawa dume la besi. Ila mwanzo tuliuacha."

"Mwanzo upi?"

Mzee akakohoa.

"Tumsifu Yesu Kristu."

Elineema akatukana kwa Kipare.

Anold alikuwa tajiri wa Mlimba, mwenye kinu cha kukoboa mpunga. Nyuma ya kinu vibarua wake walifungasha vidonge vya malaria vilivyovushwa mpakani kwa treni. Vidonge vya chokaa, visivyoweza kumtibu hata mbu mwenyewe. Vibarua hao aliwatoa Kidatu, kwenye miwa, watu wa mikoa ya mbali wasio na shangazi wala mjomba wa kumpa umbea bondeni. Waislamu, walokole, Wasabato.

Mkatoliki alikuwa mmoja tu. Theresia wa kijiji cha Mbingu, mpishi wao.

Siku moja Theresia alipeleka chai nyuma ya kinu, akaona pakiti. Zilikuwa za vidonge vilevile alivyommezesha mjukuu wake, mpaka wakamzika. Hakulia mbele yao. Alimimina chai, akaenda zake, akapiga namba ya siri. Na mazungumzo hayo aliyaanza kama alivyoanza mazungumzo yote ya maisha yake.

Ofisini waliisikiliza rekodi watu wenye digrii zao. Elineema naye aliisikiliza. Lakini sisi tumezaliwa ndani ya salamu. Sikio huiruka, linangoja habari. Anold hakuiruka.

Elineema alisimama kando ya barabara, akapiga simu.

"Haloo," alisema Theresia.

"Shikamoo mama. Uko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nipo Ifakara, nimekuja hospitali. Usihangaike."

Simu ikakatika.

Tangu simu ile ya kwanza, Elineema ndiye aliyekuwa akiongea na Theresia. Miezi yote hiyo alikuwa akimsihi: mama, kwenye simu hii sema haloo tu, inatosha. Na mama alikuwa akimjibu: "Haloo ni salamu ya nani, mwanangu?" Hakuwahi kuisema hata mara moja.

Leo kaisema.

Alitazama saa yake ya Garmin. Nukta nyekundu iliyoonyesha alipo Theresia ilikuwa imeshapita Mbingu, inakimbilia Mlimba. Mafundi walitaka kumvalisha Theresia saa yenye kinasa-njia, akakataa: saa ataivua akifua, rozari haivui. Basi wakakificha ndani ya msalaba wa rozari.

"Beno, unanipata?" Elineema alimwita mwenzake redioni.

"Nakupata. Nipo stesheni Mlimba. Behewa la Anold linapakiwa."

"Lifunge."

"Nikilifunga bila shahidi, keshokutwa Anold yuko nje anakunywa bia."

"Shahidi namleta."

Alisema hivyo kwa ujasiri ambao hakuwa nao. Aliipita Mbingu bila kugeuza kichwa. Mpunga kulia, mpunga kushoto, umeanza kuinama.

Kisha akaiona. Prado nyeupe, palepale nukta ilipokuwa.

Na mbele ya Prado, ng'ombe.

Kundi la Wasukuma lilikuwa likivuka barabara, na ng'ombe wa Msukuma hajui Prado wala mwenye Prado. Honi ililia. Mchungaji akaitazama, akahamisha fimbo bega hili kwenda bega lile, akaendelea na mwendo wake.

Elineema alizima injini. Akachomoa Beretta, akainama, akapenya katikati ya pembe na mikia. Dereva alikuwa ameshusha kioo amtukane mchungaji.

Tusi halikutoka. Mdomo wa bastola ulikuwa shavuni mwake.

"Zima gari."

Kiti cha nyuma, mwanamume wa pili alipeleka mkono kwenye koti. Theresia akaudaka kwa meno. Jamaa alipiga yowe hadi ng'ombe wakashtuka.

"Sisi ni kitengo cha kulinda mashahidi!" alilia, akionyesha kitambulisho cha bandia kwa mkono uliobaki.

"Hongera. Na mimi ni nani?"

Elineema alimvuta wa nyuma hadi mbele, akawafunga pingu wote wawili kwenye usukani. Theresia alishuka, akaifunga vizuri khanga yake.

"Waliniambia niseme haloo, nikasema. Nikajua wewe utaelewa."

Redio ikakoroma. "Behewa limefungwa. Limejaa chokaa tupu. Anold tunaye."

"Safi, Beno. Tuma gari la mama."

Lilikuja kabla ng'ombe hawajaisha barabarani. Theresia alilitazama, kisha akatazama njia ya Mbingu.

"Si mmemkamata? Basi mimi nirudi nyumbani."

"Hapana, mama. Ana ndugu, ana rafiki. Mpaka kesi iishe, na labda baada ya hapo. Tutakupeleka mbali. Utaitwa Edna."

"Na mpunga wangu? Nani ataniamia ndege wasiumalize?"

Elineema akampigia mkuu wake palepale.

"Fungu la mpunga hatuna," alisema Mzee Evarist. "Lakini amepona, binti. Tushukuru."

"Jina tulilificha, Mzee. Yeye mwenyewe tulimwacha nje. Nataka iandikwe: ulinzi uanze siku anayopiga simu, si siku anayotekwa. Na shamba lake litunzwe."

"Andika. Nitaipeleka juu."

"Nitaandika leo."

Mama huyu alifanya jambo la haki kuliko wote bondeni, na ndiye peke yake aliyekuwa anahamishwa kwake.

Theresia alipanda gari. Akashusha kioo.

"Huko nikifika, nisalimieje watu?"

Elineema alitafuta jibu, akapata moja tu, nalo alilichukia.

"Sema haloo, mama."

Theresia aliushika msalaba wa rozari yake. Kisha akasema taratibu, kwa mara ya mwisho:

"Tumsifu Yesu Kristu."

Elineema alikuwa Mlutheri wa Upareni. Siku zote alikuwa akimjibu, "Haya, mama," ili wafike kwenye habari. Safari hii alivua kofia.

"Milele na milele. Amina."

Gari likaondoka. Elineema alirudisha Beretta kiunoni, akatembea polepole hadi kwenye Yamaha, akaipangusa matope kwa kiganja. Simu ikaita. Ilitoka ofisini.

"Haloo," alisema.