Zamu Aliyoitoa Leonilde

Mimi nafua nguo za mabaharia hapa bandarini Horta, visiwani Azori, na katika kazi hii nimesikia porojo za kila rangi. Mtu akiteremka na kapu la mashuka yanayonuka chumvi, lazima ateremke na kisa pia: nyangumi aliyemkonyeza, mwanamke aliyetembea juu ya maji. Mimi huitikia tu huku natafuta soksi ya pili. Ila hiki kilimpata mdogo wangu wa tumbo moja, Leonilde, na mwisho wake niliuona kwa macho yangu, nyumbani kwangu, mchana kweupe.

Leonilde na mumewe Gualter hawana nyumba ya nchi kavu. Nyumba yao ni mashua ya tanga iitwayo Garça, ndogo kiasi kwamba mmoja akitaka kuvaa suruali mwenzake inabidi atoke nje. Wanazunguka nayo visiwani, Azori, Madeira, Kanari, na majira ya baridi hujifungia bandarini wakigombania jibini la mwisho. Wanapendana, hilo sina shaka nalo. Nilimwambia Leonilde zamani kwamba mwanamume asiye na paa ni hasara, akanijibu kwamba paa ninalo mimi na bado nalala peke yangu.

Gualter ni mtu wa kisiwa cha Pico, na ukoo wao ulikuwa wa wavua nyangumi. Kwa baba yake alirithi sharti moja asilolifanyia mzaha hata siku moja. Mwenye zamu haachi usukani mpaka amkabidhi mwenzake kwa mdomo. Anasema, "Chombo chako." Mwenzake anajibu, "Changu." Hujajibiwa, huondoki, hata kama mkojo umekubana. Na ukishajibiwa, chombo si chako tena mpaka mwenye zamu akurudishie mwenyewe.

Walikuwa wanatoka Madeira kwenda kisiwa cha Santa Maria. Asubuhi ilikuwa nzuri, bahari imelala, Leonilde anakaanga mayai, Gualter amekaa nyuma na mshipi wake majini.

"Mzee, leo tena utavua gunia la plastiki?"

"Cheka tu. Saa ya chakula utaniomba kichwa."

Kweli jodari akashika. Gualter alipompandisha, samaki akajirusha, na ndoana ikamwingia Gualter kiganjani, chini ya kidole gumba, ikazama mpaka kwenye kipini. Waliitoa kwa koleo, wakamwagia pombe kali, wakafunga kitambaa. Walimla yule jodari wakicheka. Gualter alikula kwa mkono wa kushoto.

Kesho yake kiganja kilivimba. Kesho kutwa mstari mwekundu ulikuwa umepanda kutoka kwenye kifundo cha mkono ukapita kiwiko, na mtu yeyote wa baharini anajua mstari ule unaelekea wapi. Vidonge vya kwenye sanduku la dawa vilikuwa vimepitwa na wakati, akavimeza hivyo hivyo. Redio yao haifiki mbali. Daktari wa karibu alikuwa Santa Maria, na Santa Maria ilikuwa mbele, upande uleule unakotoka upepo.

Kwa hiyo Leonilde alibisha, akiukata upepo kwa kona huku na kule. Upepo wa kaskazini usoni, mashua ikipanda wimbi na kuangukia tumbo, kila kitu ndani kikigongana. Kifaa cha kuiongoza mashua bila mtu kilivunjika, hivyo ilibidi akamate mpini wa usukani mwenyewe, usiku mzima, mchana, na usiku mwingine. Ndani, Gualter alikuwa kwenye kitanda pekee walichotumia safarini, anatetemeka, anaita marehemu wa kwao kwa majina. Dada yangu alikuwa anajua jambo moja tu: asipofika kesho yake, anafika na maiti.

Ilikuwa alasiri. Manyunyu, mawingu yamekaa chini. Leonilde alikuwa ameanza kusinzia macho yakiwa wazi, hali mbaya kuliko usingizi wenyewe.

Akaona mtu anatoka mlangoni mwa ndani, kwenye ngazi. Koti la mvua la manjano la Gualter. Kofia ya koti imeshushwa mpaka machoni. Mtu akaja, akaketi ubavuni pake bila kusema neno, akaweka mkono kwenye mpini.

Leonilde aliniambia alitaka kulia kwa furaha. Homa imeshuka! Hakumtazama hata usoni.

"Chombo chako," alisema.

"Changu."

Akashuka ndani kama mlevi, akapita gizani bila kutazama kitandani, mpaka mbele kabisa kwenye rundo la matanga ya akiba, akaanguka hapo akalala.

Alipoamka, kulikuwa kimya. Mashua haigongi tena. Imetulia, inateleza sawasawa, hata sufuria haitikisiki. Mwanga wa mchana ulikuwa bado upo. Akainuka anatabasamu, akaenda kumpashia mumewe kahawa.

Koti la manjano lilikuwa kwenye msumari wake. Linachuruzika maji.

Gualter alikuwa kitandani. Na fulana tu. Mkavu.

Leonilde alisimama na birika mkononi. Kisha akainua macho, akatazama juu kupitia mlangoni. Pale nyuma hapakuwa na mtu. Mpini wa usukani ulikuwa unacheza, kidogo huku, kidogo kule, ukilipokea kila wimbi kabla halijafika. "Anayeshika ni mtu anayejua kazi," aliniambia baadaye. "Anajua kuliko mimi."

Akatazama dira. Kusini.

Walikuwa wameupa upepo mgongo. Kila dakika Santa Maria ilikuwa inabaki nyuma, na mbele yao hapakuwa na kitu ila maji mpaka Afrika.

Alipanda mbio, akaukamata mpini kwa mikono miwili, akavuta. Haukuja. Akaweka mguu ukutani, akavuta kwa mwili wote. Ukarudi taratibu pale ulipokuwa, kama mtu mzima anavyomnyang'anya mtoto kisu bila kumuumiza. Haukuwa umekwama. Ulikuwa umeshikwa.

"Leonilde." Sauti ya Gualter, ndani, nyembamba. "Nani yuko juu?"

"Mimi."

"Na mwingine?"

Leonilde aliuvuta mpini tena.

"Umempa nani zamu?"

"Nilidhani ni wewe," alinong'ona. "Naapa, mume wangu, nilidhani ni wewe."

"Zamu hainyang'anywi," alisema Gualter. "Muombe. Muombe kwa adabu."

Dada yangu si mwoga. Huyu aliwahi kupanda mlingoti na tufani inakuja. Lakini pale aliketi chini mbele ya kiti kitupu. Kiti kilikuwa kimelowa. Manyunyu yalikuwa yamekwisha muda mrefu, mbao zote zimekauka, ila hapo tu.

"Nimekuja kukupokea," alisema. "Umefanya kazi. Nenda kapumzike."

Mpini ukaendelea kucheza.

"Tafadhali. Nimekuja kukupokea."

Mpini haukulegea.

Hapo hasira ikampanda, ikashinda hofu. "Mume wangu anakufa!" alipiga kelele. "Unatupeleka wapi? Ana mama yake! Ana mimi! Nirudishie chombo changu!"

Sauti ikamjibu. Sauti ya mwanamume, ya upole, ya mtu aliyeshughulika na jambo lingine.

"Bado kidogo."

Haikutoka kwenye kiti. Ilitoka ndani. Kitandani.

Na haikuwa ya Gualter.

Leonilde alilia. "Sasa hivi!" alisema. "Nataka sasa hivi!"

Halafu, karibu kabisa na sikio lake, mtu akashusha pumzi kama aliyechoka kubishana.

"Chako."

"Changu!" alisema. Mpini ukalegea mikononi mwake ghafla kiasi kwamba nusura aanguke. Akaigeuza Garça kwa nguvu zake zote, pua kaskazini, wimbi la kwanza likawapiga, na ndani Gualter akapiga ukelele ambao dada yangu hataki kuuzungumzia.

Hakushuka kumtazama. Hakuthubutu kuuachia tena mpini ule. Alimwita kila mara, naye akaitikia kila mara, na hivyo ndivyo walivyofika, asubuhi, Leonilde akiwa hana sauti. Wahudumu wa gari la wagonjwa walimtoa Gualter ndani amefungwa blanketi, wakampandisha ndege pamoja na Leonilde kwenda Ponta Delgada.

Mimi nilifika hospitali kwa ndege siku hiyohiyo. Nilikuwapo daktari alipotoka na kutuuliza, "Nani aliyemshona?"

Leonilde alitikisa kichwa: hakuna.

Akatuingiza ndani, akatuonyesha. Kiganja kilikuwa kimepasuliwa vizuri kutoka chini ya kidole gumba, usaha wote umetolewa, kimesafishwa, kimeshonwa. Mishono midogo, sawasawa, ya uzi mnene wenye nta, unaonuka lami. Uzi ule naujua. Ni wa kushonea matanga, ila siku hizi hakuna anayeupaka lami.

"Asingefanyiwa hivi, msingemkuta hai," daktari alisema. "Aliyeifanya kazi hii alihitaji mahali palipotulia. Ila mbona hakumaliza?"

Mwisho wa kidonda ulikuwa wazi, umeraruka. Kutoka hapo uzi ulining'inia, na kwenye uzi palikuwa na sindano ya matanga, nyeusi, yenye kona tatu.

Leonilde aliketi sakafuni. Nilielewa palepale. Mashua ikiupa upepo mgongo hutulia. Mmoja aliitafutia utulivu, na mwingine, chini, alishona. Na dada yangu aliwakatiza.

Daktari alimalizia kwa uzi wake wa hospitali. Uliachia. Akarudia, ukaachia. Gualter alipona homa, akanenepa, akarudi kunikera kwa vichekesho vyake, ila pale pembeni ya kiganja palikataa kufunga. Miezi ikapita panatoa maji, na maji yale yalikuwa ya chumvi. Usaha ukaanza tena. Kisha, Jumapili moja mchana nyumbani kwangu, Leonilde aliniita jikoni, akakunja mkono wa shati la mumewe aliyekuwa amesinzia mezani. Mstari mwekundu ulikuwa umerudi.

Tulimwacha alale, tukavaa makoti ili tumtafutie gari. Leonilde alisimama mlangoni. Akageuka. Akaliendea dirisha, akalifunga ili upepo usibamize kitu. Akauegemea mlango kwa mgongo usigonge. Akakiweka kidole mdomoni, kunionya.

"Samahani," alinong'ona. Hakuwa anasema na mimi. "Endelea."

Nilitaka kumwambia amerukwa na akili. Ndipo chumba kilipoanza kunuka lami. Tulisimama pale, dada yangu machozi yakimtiririka bila sauti, mpaka Gualter akapiga mwayo na kuuliza kama kuna supu iliyobaki.

Mstari mwekundu haukuwapo. Kidonda kilikuwa kimefungwa, na mshono wa mwisho ulikuwa na fundo dogo, zuri. Nilikiinamia kiganja kile karibu kabisa. Ncha ya uzi ilikuwa imelowa mate, na ilikuwa imekatwa kwa meno.